Bibi, Sinema Yetu Imejaa Kabichi

Mpendwa Bibi,

Nimeolewa! Nilitaka nianze na Idrisa, anavyocheka hadi mabega yanatikisika, ninavyoamka asubuhi na kumtazama tu kama mjinga. Lakini acha kwanza nikusimulie niliyoyaona jana.

Nilimpeleka kwenye sinema yetu.

Unakumbuka ulivyoniapisha? Ulikuwa umemaliza kuuza kabichi zako za Mgeta, tumekaa safu ya tatu, filamu ya Kihindi inaendelea na hatuelewi neno hata moja. Ukampigia kelele shujaa wa filamu, "Steringi, geuka nyuma, anakuja!" Ukumbi mzima ukacheka. Kisha ukaninong'oneza, "Mke mwenzangu, ukimpata mume wetu, mlete hapa nimkague. Asiyelia kwenye sinema hatufai." Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikakubali.

Ulitangulia mbele za haki kabla hujamwona, Bibi. Ila ahadi nilikuwa nayo. Basi jana nikavaa kitenge kipya, nikamshika Idrisa mkono, tukatoka Bigwa kwenda mjini.

Bibi, mwanga! Nilisukuma mlango, jua likanipiga usoni. Nusu ya paa haipo. Viti vimeng'olewa vyote. Utoto wangu wote nimeingia mle, sikuwahi kujua kuta ni za kijani! Na sakafu nzima, hadi chini ya ukuta ule mweupe wa picha, marundo ya kabichi.

"Unataka za jumla?" mama mmoja akaniuliza.

"Shikamoo mama. Sinema iko wapi?"

"Marahaba. Sinema?" Akacheka. "Mwanangu, siku hizi kila mtu ana sinema yake kwenye simu. Hapa ni stoo. Hizi zimeshuka leo kutoka Mgeta."

Kutoka Mgeta, Bibi!

Idrisa akauliza, "Bibi alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwonyesha safu ya tatu, yaani kabichi tupu. Akavua kofia, akachuchumaa mbele ya rundo lile, watu wanatazama.

"Shikamoo, mke wangu mkubwa. Nimekuja kukaguliwa. Utusamehe, giza limekosekana."

Yule mama akaangua kicheko. Nami nikamwangalia Idrisa, nikitegemea mabega yake yatikisike. Hayakutikisika. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na kwa jua lile kila mtu aliyaona.

Anatufaa, Bibi. Pumzika sasa.

Mke mwenzako mdogo