Sufuri ya Nyambura

Jumatatu, 12 Mei
Penseli hazitoshi tena. Wanafunzi wanazivunja kwa meno wagawane. Gredi ya Tisa, somo lilelile: tazama mkono wako, chora unachoona, si unachojua. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akauliza maua ya karatasi ya siku ya wazazi yamefika wapi. Nikamwambia hapa si duka la mapambo. Hakucheka. Nimechoka kueleza kwamba sanaa ni macho kwanza. Nimerudi nyumbani Ruiru, nikala ugali wa jana. Tangu nitoke shuleni sijaongea na mtu.

Jumatano, 14 Mei
Niliagiza kila mmoja amchore mtu wa kwao akiwa kazini. Ai! Nusu ya kazi zimechorwa na wazazi. Baba mmoja hata alitia sahihi yake kwa mazoea, kisha akaifuta. Nyingine zimefuatishwa juu ya picha zilizochapishwa saiba, alama za kaboni bado zinaonekana. Huku kwetu mzazi akisikia kuna project, anaacha hata kupika. Zote hizo nimezipa sufuri.

Pamoja na ya Nyambura, msichana mkimya wa Kiganjo anayelelewa na cucu, nyanya yake. Ameleta mikono ya mzee inayomenya njahi, yale maharagwe meusi. Kila mshipa upo. Hata ukucha mmoja uliokufa. Mtoto wa miaka kumi na minne hachori hivyo. Nikaandika kwa wino mwekundu: Si yako. Alipoisoma akaikunja, akaitia mkobani.

Ijumaa, 16 Mei
Leo tumechora kiatu. Karatasi ya Nyambura ilibaki nyeupe. Ati kichwa kinamuuma.

Kisha nikaona fomu yake ya kuchagua masomo ya sekondari ya juu. Aliandika Sanaa tangu mwezi jana. Sasa ameikata kwa rula, akaandika Sayansi. Fomu zinafungwa Ijumaa ijayo. Mwalimu wa hesabu anampongeza. Nikajiambia kama ni yeye aliyechora, si angejitetea?

Chai nimekunywa barazani peke yangu. Tangu niseme kwenye mkutano kwamba tunawapa wazazi alama, walimu wenzangu wananisalimia tu. Habari, nzuri, basi.

Jumamosi, 17 Mei
Nilijidanganya naenda sokoni Thika. Nikaishia Kiganjo, kwa kina Nyambura.

Cucu alinipa kigoda na chai. Nikatazama mikono yake ikimimina. Kidole gumba cha kushoto, ukucha umekufa. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Nikauliza hata hivyo kama mtoto huchora. Akanipeleka nyuma, kwenye ukuta wa jikoni. Mweupe pe, unanuka chokaa.

"Hapa palikuwa pamejaa, mwalimu," akasema. "Mimi, kuku, majirani wote. Juzi akapaka chokaa. Ati umesema si zake."

Hakukasirika. Angenikaripia ningepumua. Nyambura alikuwa ameenda kuteka maji. Sikumngoja. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 18 Mei
Sikuenda kanisani. Kamakis, mtaa wa nyama choma hapa Ruiru, imejaa watu na moshi. Hakuna wa kumwambia.

Jumatatu, 19 Mei
Nimesimama mbele ya darasa nikasema nilikosea, kazi ni ya Nyambura, nami nilimhukumu bila kumuuliza. Hapa mwalimu haombi mtoto msamaha. Nimefuta sufuri, nikampa alama zote.

Alisimama kwa heshima, mikono nyuma. "Ni sawa tu, mwalimu."

Kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni.

Mchana mwalimu mkuu akaniita. Ati nimeshusha heshima ya walimu. Wacha ishuke. Kinachonisumbua ni zile sufuri nyingine. Sasa sina uhakika nazo.

Alhamisi, 22 Mei
Nimewaita wenye sufuri mmoja mmoja wachore mbele yangu. Wawili zaidi walikuwa wakweli.

Ijumaa, 23 Mei
Fomu zimefungwa. Ya Nyambura: Sayansi. Nilitaka kumsihi, lakini ningeanzia wapi? Nimeipeleka ofisini na zile nyingine.

Kipindi cha mwisho niliwaacha wachore wanachotaka. Nje manyunyu. Nikipita kati ya madawati nikamwona Nyambura ameinama, penseli inakimbia. Aliposikia viatu vyangu akafunika karatasi kwa mkono. Sikuomba kuonyeshwa. Nikaenda dawati lingine.