Mistari Miwili Iliyorukwa Karibu na Tangi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: anajulikana kwa jina la Mama Trekta.
Umri: miaka 41.
Kazi: kulima, kupanda na kupalilia mashamba ya watu kwa trekta dogo lake mwenyewe.
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga.
Ameelezwa kwamba atakayosema yanaweza kutumika mahakamani. Amesema ameelewa.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu, asubuhi, nilikwenda kupanda mahindi kwa jirani yangu, fundi redio. Shamba ni la mama yake, na miaka yote mama ndiye aliyekuwa akinipokea. Safari hii alinipokea fundi mwenyewe. Nikamuuliza, "Mama yuko wapi?" Akasema, "Amekwenda kwa dada, mjini. Magoti yanamsumbua." Sikuona ajabu. Magoti yake nayajua.

Trekta langu, kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine, ni sentimita mia moja na hamsini. Kwa hiyo mistari naiachanisha kwa sentimita sabini na tano. Nikirudi kupalilia, trekta linapita juu ya mistari miwili na matairi yanakanyaga katikati ya nafasi, hayaumizi mche. Hilo namweleza kila mteja na wengi hata hawasikilizi. Fundi alisikiliza mno. Aliniuliza matairi yatakanyaga wapi hasa, kisha akauliza majembe ya palizi yanaingia chini kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja. Nikashusha mkono, yeye bado anautazama.

Tulipofika upande wa chini, karibu na tangi la maji, akanisimamisha. "Hapa ruka mistari miwili, dada. Anzia kule."

Nikamwambia, "Utapoteza ardhi nzuri, kaka. Na magugu yote yatahamia humo."

"Nitapalilia kwa mkono."

"Wewe? Jembe lenyewe unajua linashikwa wapi?"

Tumezoea kutaniana. Siku hiyo hakucheka. Alisema, "Nakuomba," kwa sauti ya chini. Nikaruka.

Mahindi yalipofika usawa wa goti, nilikwenda kununua dizeli, nikamwona dada yake fundi anashuka kwenye basi. Yeye ni mshonaji, anaishi mjini. Tulisalimiana, akaniuliza, "Mama yangu unamwona? Kila nikipiga simu, kaka anasema amelala."

Nilimuuliza ule mfuko mkononi una nini. Akasema, "Dawa za magoti ya mama."

Kumbe mama hakuwa kwake. Nikamwambia asitangulie kwao, akaningojee kwangu. Nilikuwa na miadi ya kupalilia shamba hilo mchana huohuo, nami nilitaka kuona kwa macho yangu kabla ya kumwambia mtoto wa mtu neno zito kama lile.

Mvua ilikuwa imekatika na shamba zima limekauka. Pale tuliporuka palikuwa pamebonyea, kwa urefu kama wa mtu aliyelala, na maji yametuama. Ardhi iliyochimbwa mvua huishusha. Kila anayelima analijua hilo. Hapakuwa na gugu hata moja. Fundi alikuwa amesimama pembeni na jembe, viganja vimechubuka. Alikuwa amepalilia kweli.

Nikazima injini. Nikamwambia, "Dada yako amekuja."

Hakuuliza yuko wapi. Alisema, "Alianguka bafuni, dada. Nilimkuta amekwisha kupoa."

"Mbona hukuita watu?"

"Wangekuja wote. Wangegawana shamba na nyumba, na mimi sina pa kwenda."

Kama alianguka kweli, mimi sijui. Naeleza alivyosema. Niliondoka, yeye akaketi juu ya ndoo na hakunifuata. Nilimchukua dada mtu tukaja hapa kituoni.

Jioni hiyo askari walipochimba nilikuwepo. Nilimtambua mama kwa sweta lake la kijani, lenye kiraka kwenye kiwiko. Dada mtu alikigusa kile kiraka, akasema ni yeye aliyekishona.

Nimelipitia jambo hili kichwani mara nyingi. Siku ya kupanda, tairi langu la kulia lilipita kiasi cha mkono mmoja kutoka alipolala, na mimi juu nilikuwa napiga mluzi.

Baada ya polisi kuruhusu shamba litumike, dada mtu aliniomba nimalizie palizi. Alisema mama hakuwahi kuacha shamba limezwe na magugu. Nilikwenda jana. Nilipofika usawa wa pale nikainua majembe juu, ingawa najua hayupo, tumeshamzika makaburini. Nikajisikia nasema, "Shikamoo, Mama," huku injini inanguruma. Kisha nikangoja. Naomba iandikwe kwamba nilingoja.

Haya niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari aliyeandika: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyathibitisha. Nilimweleza kuwa aya ya palizi ya jana haihusu kesi na inaweza kuondolewa. Amekataa. Nimeiacha.