Bendi Imerudi Bila Wewe

Faraji mdogo wangu,

Bendi imerudi. Najua ungetaka nianze na hali ya Mama, lakini acha nilitoe hili kifuani kwanza. Wamepiga Dallas Jumamosi iliyopita, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, na mimi na Mama tuliwekewa viti vya mbele kabisa, wageni wa heshima wa Craig, mwimbaji wao.

Nilikwenda nikiomba wachemshe. Nili-drive kutoka nyumbani Carrollton huku moyoni nasema, ya Rabi, nyuzi zikatike, Craig akaukiwe na sauti. Hawakuchemsha. Walipiga vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia ukiwa nao. Huyo mpiga gitaa waliyemweka mahali pako hakosei, hanuni, hampigi mtu ngumi.

Wewe ulizipiga ngumi. Nilikuwepo Leicester, Uingereza, mlipoanza, vijana wanne kwenye gereji ya kina Owen, na birika lao bovu ndilo lililowapa jina, Cold Kettle, Birika Baridi. Craig aimbe, Owen ngoma, Pete besi, na wewe, mtoto wa Tanga, gitaa na nyimbo zote. Redio zikawapenda, nanyi mkaanza kuchukiana. Ulimvunja Craig jino. Yeye akakutupia viatu dirishani basi likiwa mwendoni, ukapanda jukwaani na soksi. Mama aliuliza kwenye simu, "Hivi huo ni muziki au ni vita?"

Halafu Houston. Katikati ya wimbo Craig akawaambia watu, "Mpigieni makofi Faraji, leo ndiyo mwisho wake na sisi." Ulizisikia habari pamoja na waliokata tiketi. Wakapiga makofi. Ukainama, ukamaliza wimbo.

Hukurudi tena Uingereza; mimi na Mama ndio tuliokufuata huku Texas. Ulipanga chumba Gulfton, hapo hapo Houston, ukawa unaendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, na Jumapili unawafundisha gitaa watoto wa Wakongo wa ghorofa ya chini yako, ukiwafokea kama makuruta mpaka mama zao wakaja juu. Hukuwa mtu mwepesi, Faraji. Sisemi uongo kwa kuwa umekufa.

Ugonjwa ule wa neva ungeweza kuanza na miguu. Mimi ni nesi, nimeona mengi, lakini hilo halijanitoka: ulianza na vidole vya mkono wa kushoto.

Ndipo Craig akapiga simu. Yaliyopita yamepita, turudiane, tuifufue bendi. Ulifurahi mpaka nikaiogopa ile furaha. Nikakuambia, "Mweleze hali yako." Ukasema, "Ataniona akija, Dada. Hawezi kuniacha mara mbili."

Aliweza.

Alikuja Gulfton na koti la ngozi kwenye joto lile. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambusa, nasikia kila neno. Akakuomba upige. Ukapiga, kidole kikateleza. Ukarudia. Kikateleza. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniua, "Bora wakukumbuke ulivyokuwa mzima." Kisha akaliomba gitaa lako, kwa sababu hakuna jingine lenye sauti ile. Nikatoka na mikono yangu ya mafuta. Sijui nilitaka kufanya nini. Ukanitazama: "Mpe, Dada. Na Mama asijue." Akala sambusa, akasifu, akaondoka nalo.

Ukafa kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Tangu hapo umekuwa mtu wa maana sana kwao. Jumamosi ile walionyesha picha yako ukutani, kubwa kama nyumba, Craig akalia mbele yake. Machozi ya kweli, nilikuwa karibu, niliyaona. Kisha wakapiga ule wimbo ulimoweka maneno ya Mama, "Funga mlango, mwanangu," aliyokuwa akitupigia kelele kule Leicester majira ya baridi ili joto lisitoke. Craig akawaeleza watu wa Texas kwamba kwa Kiswahili maana yake ni "fungua moyo wako." Ukumbi mzima ukaimba funga mlango huku wamekumbatiana! Ungecheka mpaka upaliwe. Nilicheka peke yangu, na mama mmoja wa Kizungu pembeni akanishika bega, akidhani nalia.

Mama hakucheka. Mama alikuwa anaimba.

Kesho yake Craig akaja nyumbani. Mama alimpikia pilau, akamwita mwanangu, akakaa anamsikiliza: ulivyokuwa unalala kwenye basi umekumbatia gitaa, ulivyokuwa unaiga sauti ya Mama, wenzako wakaanguka kwa kicheko, ulivyolia siku moja ya Idi huko Glasgow kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni Idi. Hili hukuwahi kuniambia. Nililisikia kwake yeye, mezani kwangu.

Alipoondoka nilivunja neno lako. Nilimwambia Mama yote, ya vidole, ya gitaa, ya sambusa. Aliendelea kusuuza vyombo.

"Najua," akasema. "Faraji aliniambia mwenyewe."

"Na unampikia?"

"Nikimfukuza, nani atanisimulia habari za mwanangu? Wewe hukuwa kwenye lile basi. Mimi sikuwa. Ile miaka yote anayo yeye." Akafunga maji. "Kwani nimesema nampenda? Namsikiliza tu."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfutia vyombo.

Craig atarudi mwezi ujao wakija kupiga Houston, na Mama ameshamuuliza apikiwe nini. Nitamkaribisha. Nitacheka pale hadithi zake zinapochekesha, kwa sababu ni zako. Lakini sitamsamehe. Mama amechukua hadithi. Mimi nimechukua kinyongo chako, maana ulikwenda bila kukimaliza. Hicho nakuahidi, nitakutunzia vizuri.

Lala, Faraji. Mungu akupe kaburi pana.

Dada yako,
Mwanaidi