Sufuria Mbili za Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima? Goti lako limetulia, au bado unapanda ngazi kwa kunung'unika? Na mjukuu wako unayemlea, ameanza kushika masomo, au bado anasahau leo alichofundishwa jana? Mimi nipo, nguvu za kugombana bado ninazo.

Nakuandikia habari za mjukuu wangu, huyu wa maabara. Tangu ahamie kwangu sikumwamini. Msichana na shahada yake anaokota maganda ya machungwa, anayaoka mpaka yawe masizi, kisha anayalinda kama dhahabu! Nikamuuliza kama ndiko kusoma kwenyewe, maana masizi hata mimi ninayo, chini ya kila sufuria. Akacheka, akasema yake ni chembe ndogo jicho halizioni. Ukizitia majini na kuzimulika kwa taa ya zambarau, maji yanawaka buluu. Yakiwa na madini ya risasi, mwanga unafifia. Nikasema moyoni, mganga huyu kakosa kibuyu tu.

Siku moja akaikodolea macho sufuria yangu ya mama. Akadai sufuria hizi nzito huundwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, huenda zinatoa sumu, hasa ukipikia vitu vichachu. Hapo nikamshuku kabisa: anataka kuninyang'anya kitu cha mama aniletee za dukani, nyepesi kama kopo la biskuti. Akaomba maji ya bomba kwenye chupa moja, na niliyochemshia limau katika sufuria kwenye nyingine. Nikampa. Ila vibandiko nilivibadilisha, nione uongo wake utajificha wapi.

Akatia masizi yake, akawasha taa. Chupa iliyoandikwa sufuria ikawaka buluu tupu. Iliyoandikwa bomba ikafifia mpaka giza. Maskini akaniomba radhi, akasema sufuria haina kosa, ubaya uko kwenye bomba, lazima majirani waambiwe. Mimi nikakaa kimya, mdogo wangu. Mimi! Ukweli niliujua peke yangu.

Nilipomwambia kwamba nilibadilisha vibandiko hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akapima tena kwa mashine kubwa ya kazini, jibu likawa lile lile: risasi imetoka kwenye sufuria. Nikadai basi anipe masizi niyanywe, kwani alinisimulia kwamba wanayatia kwenye seli zilizolishwa sumu na zinapata nafuu. Akakataa katakata: kisahani cha maabara si tumbo la bibi, niende hospitali. Nimekwenda. Damu yangu inayo hiyo risasi. Ganzi ya vidole niliyousingizia uzee, unaiona katika mwandiko huu.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Sufuria yako na yangu ni ndugu, fundi mmoja, siku moja. Na uji wa mtoto unaupika humo kila asubuhi, na limau unamkamulia. Nasi tukamwita mzembe kwa kusahau masomo. Mpeleke akapimwe damu kesho.

Najua utasema nina wivu, kwa kuwa mama alikupa wewe ile kubwa. Ninao, mpaka leo. Basi nishuku: nitumie maji yako, vibandiko badilisha upendavyo. Lakini mtoto asisubiri. Sufuria usimpe jirani, wala usiiuze kama chuma chakavu. Itayeyushwa irudi jikoni kwa mwingine. Yangu nimeitoboa kwa msumari, kwa mkono wangu.

Nisalimie wote humo ndani. Mtoto mwambie bibi mkubwa anamwomba radhi.

Dada yako,
uliyemwita Kichwa Jiwe