Swali la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Dodoso jipya. Mteja ni mkubwa, wa serikalini, na ana haraka. Maswali kumi na mawili, kumi na moja mapambo tu: umri, elimu, unasikiliza redio gani. Lenye roho ni la nne. Jeshi liingie nchi jirani au lisiingie? Nimeliandika kavu kama mkate wa juzi: "Je, unaunga mkono au unapinga kupeleka wanajeshi wetu kupigana katika nchi jirani?"

Mkurugenzi kasoma, kakuna kidevu. Eti linatisha watu. Nikamwambia vita havijawahi kubembeleza mtu. Akacheka. Maneno ni maneno tu, dada, anasema, mtu ana msimamo wake hata ukimuuliza kwa kuimba.

Maneno ni maneno tu! Na ndiye mwenye kampuni ya kuuliza watu maoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kumwonyesha. Nimetunga swali la nne la pili, bovu kwa makusudi, limejaa sukari: "Je, unaunga mkono vijana wetu mashujaa kwenda kuwalinda akina mama na watoto wasio na hatia dhidi ya magaidi wa mpakani?" Nimeandika huku nacheka peke yangu kama mwehu. Nani atasema hapana hapo? Ukikataa, umewatupa watoto. Neno vita halimo. Kupigana halimo. Kesho wahojaji wapige simu mia nne za majaribio, nusu kwa swali kavu, nusu kwa lile tamu. Ajionee kwa macho yake.

Ijumaa, 7 Machi

Kavu: 34 kwa mia wanaunga mkono. Tamu: 71! Watu wa aina moja, siku moja, wahojaji walewale.

Nimempangia Mkurugenzi karatasi mbili mezani, bega kwa bega. Akazipitia kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Nikajua ameelewa, na kweli ameelewa. Ameniomba nimtumie lile la pili.

Jumatatu, 10 Machi

Mteja amelipenda. Amelipenda! Ndilo litakalokwenda kwa watu elfu moja na mia mbili. Nimepanda ngazi mbio hadi kwa Mkurugenzi, nimefika juu nahema. Nikasema lile lilikuwa mfano wa ubaya, bwana, la kuonyesha namna ya kutouliza. Akaniuliza taratibu: sasa mbona umelitunga vizuri hivyo?

Ningeacha kazi pale pale, ndivyo angefanya mtu mwenye uti wa mgongo. Mimi nimerudi mezani kwangu, nikapanga nafasi za majibu: naunga mkono sana, naunga mkono kiasi, napinga. Chini kuna mstari wa "limeandaliwa na", nikajaza jina langu kwa mkono wangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa Mama. Kitinda yupo, mdogo wangu, kitinda mimba wetu, likizo ya wiki tatu kutoka jeshini. Fundi wa malori. Bunduki, anasema, huishika siku ya kupigwa picha tu. Ameung'oa mlango wa jikoni ulioliwa na mchwa, ameranda mbao za mpya, vumbi hadi kwenye sufuria. Mama analalamika, lakini uso umemkunjuka.

Halafu Mama akasema jana kuna binti kampigia simu. Sauti ya adabu hiyo! Kamuuliza maswali kumi na mawili.

Nikamuuliza la nne alijibu nini.

"Lipi, lile la watoto? Nikamwambia naunga mkono sana. Wewe ungesema wauawe?"

Kitinda nje anapiga nyundo, anapiga na mluzi. Mama kauliza, kwani hii si ndiyo kazi yenu? Nikasema kampuni ziko nyingi, Mama. Nimemdanganya mama yangu mchana kweupe, mdomoni nina chai yake.

Kanuni inasema ndugu wa mfanyakazi afutwe kwenye orodha. Natakiwa kutoa taarifa. Nikitoa, kesho wataniuliza na mengine. Sitatoa. Ni mmoja kati ya elfu moja na mia mbili.

Jumatano, 19 Machi

Sabini kamili.

Redio ya mlinzi getini: wananchi saba kati ya kumi wataka jeshi liingie nchi jirani. Liingie! Hakuna aliyeulizwa hilo. Tumewauliza kuhusu watoto, wamejibiwa vita. Bungeni, mheshimiwa mmoja kapunga karatasi zetu juu: wananchi wamekwisha sema!

Binti mhojaji tunayemwita Kasuku, kwa kuwa husoma neno kwa neno bila kukosea, alikuja mezani kwangu macho mekundu. Kuna bibi alimuuliza, mwanangu, maana yake ni vita? Naye akajibu kama kanuni inavyotaka: tafadhali jibu jinsi unavyoelewa wewe. Bibi akasema basi ndiyo. Kasuku anataka kujua kama alikosea. Nikamwambia hakukosea. Kanuni hiyo nayo niliiandika mimi, miaka sita iliyopita, na nilipongezwa.

Ijumaa, 21 Machi

Likizo zote za jeshi zimefutwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefika Kitinda anafunga begi. Mlango mpya umeegemezwa ukutani, haujatiwa bawaba. Jikoni wametundika shuka. Kamwambia Mama asithubutu kuita fundi mwingine, ataumalizia mwenyewe akirudi. Mama anamkunjia mashati ambayo hatayavaa huko.

Akanigeukia, anacheka: "Dada, nasikia nimepata sabini kwa mia! Shuleni sikuwahi kuziona hizo."

Nami nikacheka. Nilicheka kweli, Mungu anisamehe. Kisha nikaingia chooni, nikafungua bomba maji yatoe kelele, nikalia mpaka Mama akagonga.

Ilikuwa nimwambie. Nilikuwa na dakika arobaini nzima za kumwambia. Nikambebea begi mpaka barabarani.

Jumanne, 1 Aprili

Simu yake haipatikani tangu wavuke mpaka. Siku ya sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Mteja anataka awamu ya pili. Wapigiwe walewale, tuone kama wamebadilika. Mkurugenzi kaniagiza swali, anajua nitaandika. Nimeandika: "Je, ungependa wanajeshi wetu warudi nyumbani sasa, au waendelee kupigana?" Fupi. Mtoto wa darasa la tatu analielewa. Kalichukua, kasema atalipitia.

Namba ya Mama iko mstari wa 613. Safari hii nimeitafuta. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikakaa hivyo. Sikufuta. Nimetaka aulizwe sawasawa walau mara moja. Aseme arudi, na iandikwe mahali kwamba kasema.

Jumatano, 9 Aprili

Bado haipatikani. Siku ya kumi na nne. Mama hupiga kila baada ya kula, husikiliza yule mwanamke wa mashine hadi mwisho, kisha humwambia asante.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika papa hapa jikoni kwa Mama, daftari juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Simu imeita. Mama kairukia, kadhani ni yeye. Siye. Ni binti mwenye adabu.

Anajibu. Sitini na tisa. Mjane. Redio, asubuhi.

Sasa la nne. Mama kakunja uso. "Rudia taratibu, mwanangu." Anayafuata maneno kwa sauti, moja moja, kama anayeandikiwa anwani: "Kusimama na mashujaa wetu… mpaka wamalize kazi yao… au kuwaacha peke yao… mikononi mwa magaidi."

Si langu! Silo nililoandika. Kalipitia.

"Nimwache peke yake?" Mama anasema. "Mwanangu yuko huko, binti. Nimwache vipi? Hebu niambie, nikisema kusimama naye, ndiyo maana yake anarudi?"

Mama anasikiliza. Najua Kasuku anajibu nini. Naweza kumsemea, neno kwa neno.

Mama kafunika simu kwa kiganja. Nyuma yake shuka la mlangoni linapepea, mlango wenyewe uko ukutani pale pale. Ananitazama mimi.

"Hataki kuniambia, eti nijibu ninavyoelewa. Wewe ndiye uliyesoma. Lipi kati ya haya linamrudisha?"