Mwenyewe Yuko Nje

King'orani, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Katana,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi ya watu waliotoka tumbo moja. U hali gani huko Doha? Mwenzako Barnabas alipokuja likizo alituambia kwamba umekonda, na kwamba mgongo unakusumbua tangu mlipohamishiwa kazi za juu ya majengo. Mama aliposikia hayo akasukuma sahani, akakataa kula mpaka Barnabas alipoapa kwamba alikuwa akitania. Mimi najua hakuwa akitania. Basi niambie, mgongo ukoje? Usinijibu "mzima" kwa sababu tu umezoea kusema mzima.

Sisi huku hatujambo. Mama yuko Kaloleni, magoti yanamsumbua msimu huu wa mvua lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, na wewe ndiye unayetajwa zaidi kwa kutompigia simu. Mkeo Mutanu na watoto tulikuwa nao kanisani leo, wote wazima, na mdogo ameota meno mawili ya mbele yaliyopishana kama yako. Binti yangu Dama anakusalimu, anauliza zile raba ulizomwahidi zinakuja kwa ndege au kwa miguu.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe husema na mimi huitikia. Ukishapaza sauti, mimi hutafuta maneno yangu nisiyaone, kisha nayapata nikiwa nimekwisha kata simu, napika. Leo nimeyapata mapema. Barnabas anarudi huko kesho kutwa na amenipa neno lake kwamba atakutia barua hii mkononi. Isome yote kabla ya kunipigia, tafadhali.

Habari ni ya ule ukaguzi. Nitaanzia mbali kidogo, uniwie radhi, maana nataka tuyaone mambo kwa jicho moja. Ulipofungua kampuni ukaiita Sidi Usafirishaji kwa jina la Mama, uliandikisha hisa zote kwa jina langu. Serikali imetenga fungu la kazi zake kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wewe si mmoja wa hao hata ukijipaka poda. Uliniambia nitie sahihi, nisiogope, ni jina tu, na jina halichubuki. Nikatia. Kisha ukaenda zako Arabuni, ukaniachia malori na Musyoka dereva, ukasema niwe naangalia angalia tu. Haya, nikaangalia. Lakini kaka, malori hayaangaliwi tu. Gia ikivunjika Mazeras, jina haliwezi kwenda kuivuta. Kwa hiyo kidogo kidogo lile jina likaanza kuamka alfajiri na kwenda kazini yadini kwetu Shimanzi.

Sasa ikaja hii kandarasi ya kusomba kokoto za barabara, kazi ya kutuvusha mwaka mzima, ikawa lazima cheti chetu cha biashara ya wanawake kihuishwe kwanza. Na safari hii wakasema hawatazami karatasi peke yake, wanakuja yadini kuona nani hasa anaendesha mambo. Nakumbuka jinsi ulivyohangaika. Kila jioni ulinipigia ukinifundisha majibu kama mtoto wa katekisimu, vaa kitenge kipya, usitaje jina langu hata kwa bahati mbaya, sema tuna malori manne yanayotembea. Manne! Katana, lile Fuso la bluu liko juu ya mawe tangu Ramadhani, kuku wa jirani wanatagia ndani. Nilikwambia mara mbili, ukaniitikia "ndiyo, ndiyo" huku ukizungumza na mtu mwingine. Musyoka naye ulimpigia ukamkaririsha, ukiulizwa mwenyewe ni nani, sema ni huyu Kanze anayekulipa. Masikini Musyoka, mtu wa kupita mizani ya Mariakani na mzigo mzito bila kupepesa jicho, alikuwa akitembea yadini akijisemea kama anayeomba rozari.

Siku yenyewe alikuja mama mmoja jina lake Bi Aida. Ni mtu wa Mji wa Kale, buibui na miwani, sauti ya chini. Alinisalimu kwa waambaje ya Kimvita, akauliza watoto, akauliza wazee, mpaka nikasahau kwamba amekuja kunikagua. Kisha akakaa ndani ya lile kontena letu la ofisi, akaanza. Mambo ya mafuta, bima, wafanyakazi, nani anayeamua lori lipakie wapi. Kwa hayo sikuhitaji mafunzo yako. Alipouliza idadi ya malori nilimwambia matatu yanatembea na moja linalea kuku. Akacheka. Mimi nilikuwa nikingoja swali moja tu, mwenyewe ni nani, na halikuja.

Halafu akaniomba kwa adabu nitoke, azungumze na dereva peke yake. Nikatoka, nikasimama pale chini ya kile kidirisha tulichokata. Nilisikia kila kitu. Alimuuliza Musyoka amefanya kazi hapa tangu lini, mshahara anapewa na nani, akajibiwa vizuri kabisa. Kisha akamuuliza, polepole, mwenyewe wa haya magari yuko wapi. Ebo! Sikiliza hapo. Wewe ulimfundisha jibu la "ni nani". Hukumfundisha "yuko wapi." Na Musyoka kwa jasho na hofu akajibu kama anavyomjibu kila dalali anayekuja kuuliza bei ya lori: "Mwenyewe yuko nje."

Kaka! Wewe unajua na mimi najua nje ipi aliyokusudia Musyoka. Nje ya nchi, huko Doha. Nikashika ukuta wa lile kontena, la moto kama kikaango, nikangoja Bi Aida aulize nje gani. Nikawa ninaiona kesi, kampuni imepigwa marufuku, madereva na matingo wetu wamerudi kwao mikono mitupu, na mimi niliyetia sahihi ndiye ninayepelekwa gereza la Shimo la Tewa, si wewe. Mara nikasikia Bi Aida anasema vyema, basi mwite aingie. Naye kweli alikuwa ameniambia nitoke, na kweli nilikuwa nje. Musyoka akatokeza mlangoni, uso umesawijika kama aliyemwona marehemu, akaniambia Mama, unaitwa.

Nikaingia. Bi Aida akafunga mkoba wake, akanishukuru, akasema niende ofisini kwake mjini kesho yake nikamalize kiapo mbele ya wakili, na cheti kitatoka. Alipoondoka Musyoka alikaa chini kwenye tairi akalia kwa kucheka, au akacheka kwa kulia, sijui. Nami nikacheka naye. Tulidhani Mungu ametufichia.

Sasa ngoja nikuambie kilichonitoa kicheko. Bi Aida hajafika hata njia ya lami, shemeji yako Oliver, kaka yake Mutanu, akaingia. Kumbe alikuwa amekaa kibanda cha ng'ambo ya barabara muda wote ule, anakunywa chai, anangoja mgeni aondoke. Hakunisalimu. Alikalia kiti changu, akaanza kufungua droo moja moja. Akasema wewe umemwambia kwamba ukaguzi ukishapita yeye ndiye msimamizi, niache funguo, nirudi nyumbani nikapumzike, nitakuwa naitwa siku za kutia sahihi. Nikamuuliza kama anajua breki ya lile lori jeupe inashikwa vipi likiwa na mzigo kwenye mteremko. Akasema atajifunza. Nikamuuliza Katana alimwambia lini maneno haya. Akasema tangu Krismasi.

Tangu Krismasi, Katana! Ulikula nami sikukuu kwenye simu, ukaniimbia wimbo, na ndani ya mfuko ulikuwa na hilo. Niliumia. Sitalipamba, niliumia sana. Kama ungeniambia mwenyewe ningelia siku mbili nikakubali, maana ndivyo nilivyolelewa, kaka akisema yamekwisha. Lakini ulimwachia Oliver aje kuniambia huku amekalia kiti changu.

Usiku ule nilijigeuza geuza. Nilikuwa nikijiambia kwamba hakuna aliyesema uongo. Musyoka alisema kweli, Bi Aida akasikia kweli nyingine, mimi sikufungua mdomo. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kushika Biblia, na Biblia haishikiki kwa neno lililosikiwa kombo. Tena kwa Oliver kukalia kile kiti, karatasi zote zingekuwa uongo kuanzia juu mpaka mhuri, na mwenye kuapa ni mimi.

Kwa hiyo nilikwenda mapema, kabla wakili hajafika, nikamwambia Bi Aida kwamba ile nje ya Musyoka haikuwa nje ya mlango. Ndiyo. Nilimwambia. Nikamwambia nina kaka Doha, malori aliyanunua yeye kwa jasho lake, na mimi nilianza kama jina.

Aliinua macho, akavua miwani, akaipangusa na ncha ya mtandio kwa muda ambao niliona hautakwisha. Akaniambia ameshakutana na wanawake wengi wa karatasi, ukimuuliza mmoja wao ufunguo wa lori unawekwa wapi anampigia mumewe. Akaniambia kwamba kwa hati, hisa zote ni zangu. Kwa aliyoyaona yadini, kazi naiendesha mimi. Kwa hiyo limebaki jambo moja ambalo hati na yadi haziwezi kumwambia. Kama kuna mtu anayeweza kuniondoa kwa kupiga simu, basi nimwambie sasa, ayachane maombi ya cheti, na kwa kuwa nimekuja mwenyewe ataiandika habari hiyo kwa upole. Kama hakuna, niape, lakini nijue kwamba atakuwa akipita Shimanzi bila kubisha hodi, na siku atakayomkuta mtu mwingine katika kiti changu hatanisalimu kwa waambaje.

Nilikufikiria wewe na mgongo wako, juu huko kwenye jua. Nilimfikiria Mama. Halafu nikasema hakuna. Nikasema kampuni ni yangu.

Na wakili alipokuja nikashika Biblia nikaapa hivyo hivyo, Katana, kwa jina langu lote la ubatizo, Naomi Kanze, na sikuapa uongo. Hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua. Sidi Usafirishaji si yako tena. Cheti kimetoka. Oliver nimemwambia asije, na funguo zote ziko kwangu. Mutanu amejua, ndiyo maana leo kanisani alinisalimu kwa ncha za vidole.

Usiseme nimekuibia, kwanza nisikilize. Malori uliyonunua ni jasho lako na sitaligusa. Ukitaka kuyatoa katika kampuni, nitatia sahihi yatoke siku hiyo hiyo, hata kama nitabaki na kuku, nitakodi ya watu nianze upya. Ukitaka kuyaacha, utalipwa kama anavyolipwa mtu yeyote aliyekodisha lori lake, kwa mkataba, kwa wakati, na kwa heshima. Chagua, nami sitalalamika. Lakini kuniondoa kwa simu, hapana. Maji ulishayavulia nguo wewe mwenyewe, uliyataka haya ya kampuni ya mwanamke. Haya basi, umeipata.

Najua umekasirika hapo ulipo. Nakujua, umeshasimama. Kaa, kuna jambo moja tu lililobaki, na hili nakuomba kwa unyenyekevu wa mdogo wako.

Mama sijamwambia. Mkeo atakwenda Kaloleni Jumamosi na akifika kwanza yeye, Mama atasikia kwamba Kanze amemnyang'anya kaka yake mali wakati kaka yake yuko mbali akiumia mgongo. Na Mama ataamini, kwa sababu wewe ndiye wa kiume, na yeye ndivyo alivyotulea. Mpigie kabla ya Jumamosi. Mwambie umenipa. Mwambie uliona nimeangalia vizuri ukaamua kunipa, kwa hiari yako, kama kaka. Ukimwambia hivyo nitakuja Kaloleni, nitapiga magoti mbele ya wazee nikushukuru kwa sauti, na maisha yangu yote mtu akiniuliza nitasema kampuni hii nilipewa na Katana. Wewe na mimi tutajua kwamba hukunipa. Hilo sitamwambia mtu, hata Dama.

Jipake ile dawa ya mgongo niliyompa Barnabas, ni ya kusugua, si ya kunywa. Wasalimie wote mnaokaa nao chumba kimoja, hasa yule Mganda anayekupikia. Dama anakungoja, na raba zake anazingoja zaidi. Mungu akulinde huko juu ya majengo na akushushe salama kila jioni.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kanze