Marahaba ya Bi Tatu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, barua yako imefika. Huku Mirongo tupo. Goti langu linasumbua, lakini mama yako mdogo amejifungua salama.

Unauliza kama uache kuwapigia simu wale wazee wapweke uliopewa kuwajulia hali, kwa kuwa wengine wanaitikia marahaba tu, kisha kimya.

Mwaka wa uhuru nilikuwa nimeolewa karibuni, mtaa huuhuu. Jirani yetu Bi Tatu, mjane asiye na mtoto, alinichelewesha kwa mazungumzo kila nilipokwenda bombani. Nikachoka. Nikawa napaza sauti nje ya mlango wake, "Shikamoo, bibi!" na kupita bila kusubiri. Nilijiona nina adabu.

Wiki ya sherehe za uhuru babu yako aliniuliza, "Bi Tatu hajambo?"

"Mzima. Namwamkia kila siku."

"Anaitikia?"

Tulikwenda kwake tukabisha hodi, hakufungua. Tulivunja mlango. Alikuwa amekufa siku kadhaa nyuma, mengine sitakuandikia. Siku zote hizo nilikuwa namwamkia maiti.

Sasa wewe, mtu anakuitikia marahaba, unasema hana la kusema?

Bibi yako,
Mwajuma